Waya Uliobeba Zaidi ya Sauti: Kuhama Mtoa Huduma wa Intaneti Wakati Simu ya Mezani Inazimwa

Mtandao wa simu za mezani wa Uingereza umepangiwa kuzimwa tarehe 31 Januari 2027. Tarehe ya kwanza ilikuwa mwisho wa 2025, lakini Mei 2024 kampuni ya BT iliisogeza mbele, na sababu kubwa ilikuwa usalama wa watu wanaovaa vitufe vya dharura vinavyoita msaada kupitia laini hizo. Tangu Septemba 2023 Openreach, kampuni inayomiliki sehemu kubwa ya nyaya za nchi hiyo, imeacha kuuza laini mpya za mfumo wa zamani. Kwa hiyo mwenye laini ya aina hiyo akihama mtoa huduma leo, kwa kawaida hairudii tena. Simu yake huchomekwa nyuma ya ruta, na sauti yake husafiri kwa njia ya intaneti.

Mambo mawili huchanganywa hapa. Kinachozimwa 2027 ni huduma ya simu na mitambo yake, ambayo mingi ni ya miaka ya 1980. Waya wa shaba wenyewe utabaki ardhini na kwenye nguzo katika mitaa mingi ukibeba intaneti peke yake, mpaka faiba ifike. Uhispania imeshapita hapo, kwani Telefónica ilifunga vituo vyake vya mwisho vya shaba mwaka 2025, na Ufaransa imejiwekea 2030. Sababu za kiufundi hazina ubishi: vipuri vya mitambo havitengenezwi tena, mafundi wake wanastaafu, na maji yanayoharibu shaba hayaisumbui faiba.

Ubishi uko kwa mteja. Umeenea mtazamo, katika uchumi wa mawasiliano na katika vikao vya watunga sera, kwamba anayebaki na mtoa huduma wake wa zamani ni mzito wa kuchukua hatua. Bei nafuu anaiona na faiba imefika mlangoni, lakini hahami. Nguzo ya pili ya mtazamo huo ni kwamba shaba ni njia tu ya kupitishia sauti, hivyo ikiletwa njia bora hakuna kinachopotea. Hoja hizi mbili hutegemeana: kama hakuna kinachopotea, anayesitasita hana sababu, na asiye na sababu ni mvivu.

Hoja ya uvivu inasahau jinsi mlango wa kuhamia ulivyokuwa mzito. Mteja wa simu ya mkononi nchini Uingereza ameweza kuhama kwa kutuma ujumbe mfupi tangu Julai 2019. Mteja wa intaneti ya nyumbani aliyetaka kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine alilazimika kupiga simu kwa kampuni zote mbili, akate huku, aunge kule, na kupanga tarehe mwenyewe. Akikosea kidogo, alilipa mara mbili au alikaa bila huduma. Mdhibiti wa mawasiliano, Ofcom, aliagiza utaratibu mpya uanze Aprili 2023, lakini ulianza tarehe 12 Septemba 2024. Kwa miezi kumi na saba mteja aliitwa mzito huku waliochelewa wakiwa ni watoa huduma.

Utaratibu huo, uitwao One Touch Switch, ni hatua kubwa na unastahili sifa. Mteja huwasiliana na kampuni mpya tu, akitoa jina, anwani na jina la kampuni anayoiacha. Kampuni mpya hupeleka maombi kupitia kituo cha pamoja cha ujumbe, na kampuni ya zamani humtumia mteja taarifa za gharama ya kuvunja mkataba, kama ipo, na za huduma nyingine zitakazoguswa. Mteja akikubali, kampuni mpya husimamia kazi iliyobaki. Hatakiwi kulipia muda wa notisi unaovuka siku ya kuhama, na akiachwa bila huduma kwa zaidi ya siku moja ya kazi anastahili fidia. Namba ya simu nayo huweza kuhamishwa, ila ni salama zaidi maombi yapelekwe na kampuni mpya laini ya zamani ikiwa bado hai. Anayekata kwanza ndipo aulize anaweza kuipoteza namba, na anayehamia kampuni isiyouza huduma ya simu lazima aitafutie namba yake makao mengine mapema.

Hata hivyo, utaratibu huu unahamisha intaneti na simu tu. Laini ya shaba ilibeba na kitu cha tatu, ambacho hakikuwahi kuandikwa kwenye bili.

Kituo cha simu kilipeleka umeme wa takriban volti 50 kwenye waya wenyewe, kutoka kwenye mabetri yake yaliyokuwa na jenereta nyuma yake. Simu ya kawaida yenye waya haikuhitaji kingine. Nyumba ikiwa gizani, mtaa ukiwa gizani, mtu aliinua mkono wa simu akasikia mlio. Faiba ni kioo na haipitishi umeme, kwa hiyo umeme wa nyumba ukikatika, ruta huzimika na simu iliyochomekwa nyuma yake huzimika pia.

Chanzo kinachopaswa kusomwa na kila anayedai kwamba hakuna kinachopotea ni ripoti ya Royal Academy of Engineering ya mwaka 2016, *Living without electricity*, iliyoandikwa na Roger Kemp wa Chuo Kikuu cha Lancaster. Usiku wa tarehe 5 Desemba 2015 dhoruba iliyopewa jina Desmond ilijaza maji kituo cha kupozea umeme mjini Lancaster, na majengo 61,000 yakaingia gizani. Ripoti inaufuata mji ule nyumba kwa nyumba na duka kwa duka. Mashine za kutolea fedha ziligoma, na duka lililoweza kufunguliwa lilitaka fedha taslimu. Lifti zilisimama, na ghorofa zilizotegemea pampu zilikosa maji. Intaneti ilipotea, na simu nyingi za mkononi zilipoteza mtandao kwa sababu minara nayo ilikosa umeme. Redio ya eneo hilo, The Bay, iliendelea kutangaza kwa jenereta na ikawa chanzo kikuu cha habari, lakini nyumba zenye redio ya betri zilikuwa chache. Kisha inakuja aya yenye uzito kuliko zote kwa mada hii: simu za mezani zenye waya ziliendelea kufanya kazi, na tatizo lilikuwa kwamba wengi walikuwa wameshazibadilisha na zile zisizo na waya, ambazo kitako chake huchomekwa ukutani. Uzuri wa ripoti hii ni kwamba haikuandikwa kuitetea shaba. Mwandishi wake alikuwa mhandisi aliyechunguza namna mji unavyotegemea umeme, na shaba ikajitokeza yenyewe kama kimojawapo cha vitu vichache vilivyobaki vimesimama.

Lancaster haikuwa ajali ya pekee. Dhoruba Arwen ya Novemba 2021 ilikata umeme wa wateja zaidi ya milioni moja, na nyumba karibu 4,000 zilikaa gizani zaidi ya wiki. Baada ya hapo, Machi 2022, BT ilisimamisha kwa muda kuwahamishia wateja wake kwenye simu ya intaneti.

Wenye mtazamo unaopingwa hapa hutoa mfano wa Afrika Mashariki. Watanzania na Wakenya wengi, husema, hawakuwahi kuwa na simu ya mezani. Waliruka moja kwa moja hadi simu ya mkononi, na maisha yanakwenda. Ukweli wa kihistoria ni huo, lakini hitimisho halifuati. Ambako shaba haikufika, hakuna kilichojengwa juu yake. Uingereza, kinyume chake, ilifungia juu ya waya huo kengele za lifti, kengele za wezi, na vitufe vya dharura ambavyo serikali inakadiria vinatumiwa na watu takriban milioni 1.8, wengi wao wazee wanaoishi peke yao. Vingi vya vitufe hivyo hutuma milio ambayo mfumo wa intaneti, unaoikata sauti vipande vipande, unaweza kuivuruga. Desemba 2023, baada ya vitufe kushindwa kufanya kazi kwa watu waliohitaji msaada, kampuni kubwa zilitia saini hati ya serikali zikiahidi kutomhamisha kwa lazima mtumiaji wa kitufe kabla ya kuthibitishwa kwamba kifaa chake kinafanya kazi.

Mwandishi wa makala hii alikuwepo katika nyumba ya mzee mmoja mzaliwa wa Unguja, mjane, katika mji wa kaskazini mwa Uingereza, siku fundi alipokuja kumhamisha. Fomu ya kampuni ilikuwa imeuliza kuhusu kasi na televisheni, lakini haikuuliza kuhusu kitufe kilichokuwa shingoni mwake. Mzee alisikiliza maelezo yote, kisha akasema: "Mwanangu, hebu muulize, umeme ukizima, hii italia?" Fundi, kwa uungwana, alijibu kwamba haitalia. "Na namba yangu? Jamaa wa Malindi wanaijua hiyohiyo moja." Hilo fundi hakuwa na jibu lake. Mzee alimshukuru, akamkaribisha chai, na hakuhama siku hiyo. Mtafiti anayehesabu waliohama na waliobaki angemweka katika safu ya wazito, ilhali katika chumba kile aliyekuwa ameuliza maswali yaliyostahili ni yeye.

Kanuni ya Ofcom kuhusu simu ya nyumbani umeme unapokatika ilitolewa mwaka 2018. Inataka kila mtoa huduma awe na angalau njia moja ya kumwezesha mteja kufikia huduma za dharura kwa muda usiopungua saa moja umeme ukikatika, na njia hiyo itolewe bure kwa anayeitegemea simu ya mezani, kwa mfano anayeishi mahali pasipo na mtandao wa simu ya mkononi. Kanuni ina busara yake. Betri zina gharama, huchoka baada ya miaka michache, huwa taka yenye sumu, na nyumba nyingi zina simu za mkononi zinazotosha kwa katizo fupi. Katika hati ya 2023 kampuni ziliahidi kulenga zaidi ya saa hiyo moja.

Udhaifu wa kanuni uko katika kuchambua nani anastahili. Mtu hutakiwa ajitangaze kuwa mnyonge kabla ya siku ya shida, na wengi hawajitangazi, kwa heshima yao au kwa sababu leo ni wazima. Anayevunjika mguu gizani hakuwa katika orodha jana yake, wala mgeni aliyelala nyumba isiyo yake. Waya wa shaba haukuuliza nani mnyonge. Ulipeleka umeme kwa wote. Baada ya gharama na taka kupimwa, bado msimamo unaotetewa hapa ni kwamba betri ya dharura iwe sehemu ya laini kwa kila nyumba, kwa wajibu wa mtoa huduma.

Wajibu huo ungetakiwa kuingizwa ndani ya utaratibu wa kuhama wenyewe. Taarifa anayotumiwa mteja kabla ya kukubali ingetaja, pamoja na gharama ya kuvunja mkataba, simu itakaa hai saa ngapi bila umeme, na ingemuuliza kama kuna kengele au kitufe kinachotumia laini hiyo. Betri nayo isifungwe kwenye mkataba. Iliyotolewa na kampuni moja inaweza isioane na ruta ya nyingine, na mteja anayehama mara ya pili hurudi gizani bila kujua. Panahitajika plagi ya aina moja kwa ruta zote, tarehe ya kubadilisha betri ikiandikwa juu yake, na kanuni kwamba kampuni inayompokea mteja hurithi kazi ya kuibadilisha, ili kifaa kibaki ukutani kama soketi ya simu ilivyobaki kila kampuni ilipobadilika.