Kama Asili Ni Safi, Mazoezi ya Nini? Swali la Dōgen



Mhadhara wa kuzindua uprofesa humtaka msemaji autembeze ukumbi mzima katika shamba lake lote la utafiti. Naomba mniwie radhi, leo nitawapitisha kwenye kijia kimoja tu. Nimechagua swali la kijana mmoja wa Kijapani wa karne ya 13, kwa sababu kila nikifundisha dini za Asia ndilo linalowakera wanafunzi wangu kuliko jingine lolote, na mtu akishakerwa na swali ameanza kusoma.

Dōgen alizaliwa Kyoto mwaka 1200, katika ukoo wa watu wa kasri. Mama yake alifariki Dōgen akiwa bado mtoto mdogo. Mwaka 1213 akanyoa nywele na kuwa mtawa kwenye mlima Hiei, makao makuu ya madhehebu ya Tendai. Huko mlimani alifundishwa kwamba viumbe vyote vina asili ya Buddha, na kwamba mwanadamu amezinduka tangu awali ingawa mwenyewe hajui. Kijana akauliza kitu ambacho mtoto yeyote mwenye akili angeuliza: kama tayari tu safi, kwa nini mabuddha wote wa kale walihangaika? Kwa nini wafunge, wakeshe, waketi kutafakari mpaka miguu ife ganzi? Wakubwa wake hawakuwa na jibu la kumtosheleza. Akashuka mlimani kulitafuta kwingine.

Ili tuone uzito wa swali hili inafaa tujue fundisho lenyewe lilikotoka. Katika maandiko ya kale ya Kipali, kwenye mkusanyiko uitwao Anguttara Nikaya, mna aya fupi sana zinazosema kwamba akili inang'aa, na kwamba uchafu unaoifunika ni wa kuja tu. Kwa lugha yetu tungesema uchafu huo ni mgeni, si mwenyeji. Aya hizo hazielezi zaidi ya hapo. Lakini karne kadhaa baadaye, Wabuddha wa Mahayana nchini India walilikuza wazo hilo likawa fundisho kamili. Sutra ya Tathāgatagarbha inatoa mifano tisa: asali iliyozingirwa na nyuki wakali, dhahabu iliyoanguka jalalani, mwanamke fukara na dhalili asiyejua kwamba tumboni amebeba mfalme. Karne ya 6, huko China, kitabu kiitwacho Kuamka kwa Imani katika Mahayana kikatenganisha mambo mawili, yaani kuzinduka kwa asili na kuzinduka kunakoanza. Njia ya kiroho ikaonekana kuwa ni kurudi: unaanza kuzinduka ili ufike pale ulipokuwa siku zote.

Naona baadhi yenu mnatikisa vichwa, na bila shaka mmeshaikumbuka fitra ya Uislamu. Mfanano upo, ila tusikimbilie. Fitra ina Muumba aliyeiumba, na mtoto anazaliwa nayo kama amana. Ubuddha hauna Muumba wa namna hiyo. Zaidi ya hayo, msingi wake mmoja mkubwa ni kwamba hakuna nafsi ya kudumu ndani ya mtu. Wale watawa wa hekalu la Upanga, Dar es Salaam, lenye asili ya Wasinhala wa Sri Lanka, ni wa mapokeo ya Theravada, na mapokeo hayo huisimamia sana nukta hiyo. Sasa dini inayokana nafsi itasemaje kwamba ndani yako kuna asili safi isiyobadilika? Si imerudisha kwa mlango wa uani kile ilichokifukuza kwa mlango wa mbele? Shikeni swali hilo, tutalihitaji.

Wachina walilijaribu tatizo la usafi na mazoezi kwa njia ya kisa. Mzee Hongren, mkuu wa watawa huko Huangmei, anataka mrithi. Shenxiu, msomi wa monasteri, anaandika beti kwamba akili ni kama kioo, kipanguswe kila wakati kisishike vumbi. Huineng, kijana wa kusini aliyekuwa muuza kuni, ambaye kazi yake hapo ni kutwanga mpunga na hajui hata kusoma, anajibu kwamba kimsingi hakuna kitu, vumbi litatua wapi? Usiku Huineng anakabidhiwa joho. Kila anayesikia kisa hiki humshangilia mtwanga mpunga.

Mimi huwa namhurumia Shenxiu. Kwanza, kisa kimeshindwa mtihani wa historia. Mwaka 1926 mwanazuoni wa Kichina Hu Shi alipekua hati za kale zilizotoka kwenye pango la Dunhuang, zilizokuwa zimehifadhiwa Paris na London, akakuta maandishi ya mtawa Shenhui. Huyo Shenhui, katika miaka ya 730, ndiye aliyeendesha kampeni kali dhidi ya wafuasi wa Shenxiu na kumnadi mwalimu wake Huineng. Wanahistoria wa leo wanaona kwamba mashindano yale ya beti yalitungwa baadaye, na kwamba Shenxiu na Huineng yamkini hawakuwahi kukaa pamoja kwa Hongren. Shenxiu halisi alikuwa mwalimu mwenye heshima kubwa hata Malkia Wu akamwalika mji mkuu. Pili, na hili ndilo zito, ushindi wa Huineng haumjibu Dōgen. Kama hakuna vumbi, mbona Huineng mwenyewe aliendelea kutwanga?

Mwaka 1223 Dōgen alivuka bahari kwenda China. Meli ilitia nanga bandari ya Mingzhou, inayoitwa leo Ningbo, na kwa muda aliendelea kulala melini. Siku moja akapanda mzee wa miaka 61, mpishi mkuu wa monasteri ya mlima Ayuwang. Alikuwa ametembea zaidi ya kilomita 15 kuja kununua uyoga kwa Wajapani, maana kesho yake ilikuwa sikukuu na alitaka kuwapikia watawa supu ya tambi iliyo tofauti kidogo na ya kila siku. Dōgen akafurahi kupata mtu wa kuzungumza naye, akamkaribisha chai, akamsihi alale. Mzee akakataa, kesho nani atapika? Dōgen akashangaa: monasteri kubwa kama ile haina mtu mwingine wa kupika? Na mtu wa umri wako, badala ya kuketi kutafakari na kusoma maneno ya wahenga, unajisumbua na vyungu? Mzee akacheka sana. Akamwambia, kwa maana, kwamba rafiki yake huyo mgeni bado hajui mazoezi ni nini. Akaaga kwa kuwa jua lilikuwa linazama.

Baadaye, akiwa mlima Tiantong, Dōgen alimkuta mpishi mwingine, wa miaka 68, mgongo umepinda, nyusi nyeupe kabisa, akianika uyoga uani wakati wa adhuhuri. Mkononi ana fimbo ya mwanzi, kichwani hana kofia, na matofali chini yanaunguza. Dōgen akauliza kwa nini asiwaachie vibarua. Mzee akajibu kwamba wao si yeye. Basi angalau angoje jua lipoe? Angoje mpaka lini, akauliza mzee. Dōgen akanyamaza, akaendelea na safari yake. Visa hivi viwili aliviandika mwenyewe mwaka 1237, katika Tenzo Kyōkun, kitabu chake cha maelekezo kwa wapishi wa monasteri. Huyu ni miongoni mwa wanafalsafa wakubwa wa Japani, na aliona jikoni panastahili kitabu.

Alirudi Japani mwaka 1227 baada ya kufundishwa na mzee Rujing. Jibu la swali lake likakomaa taratibu, naye akaliandika katika Bendōwa, mwaka 1231. Mazoezi, anasema Dōgen, si ngazi ya kupandia kwenda kwenye kuzinduka. Mazoezi ndiyo kuzinduka kwenyewe kunavyoonekana. Anayeketi leo kwa mara ya kwanza, akanyoosha mgongo na kutuliza pumzi, hajaanza safari ambayo mwishoni atakuwa Buddha. Kuketi kule, kwa muda ule, ni Buddha. Na akiinuka akaacha, usafi haukai mahali fulani ukimngoja.

Katika Genjōkōan, mwaka 1233, analieleza hilo kwa kisa cha mwalimu Baoche wa mlima Mayu. Baoche alikuwa akijipepea siku ya joto. Mtawa akamwendea: asili ya upepo ni ya kudumu, na hakuna mahali usipofika, sasa unajipepea wa nini? Baoche akamwambia kwamba ameelewa kuwa asili ya upepo ni ya kudumu, hajaelewa maana ya kufika kila mahali. Mtawa akauliza maana hiyo ni ipi. Baoche akaendelea kujipepea. Tuangalie alichofanya Baoche. Hakukana kwamba upepo upo. Wala hakusema kwamba upepeo ndio unaoutengeneza upepo kutoka pasipo na kitu. Alichomkatalia mtawa ni ule uvivu uliojificha ndani ya hoja sahihi: kwamba kwa kuwa upepo upo, basi mimi ninaweza kukaa na joto langu huku nikiusifu.

Eneo ninalolipenda zaidi katika maandishi yake wasomi wengi hulipita haraka. Dōgen aliandika sura nzima kuhusu kunawa uso na kupiga mswaki, na nyingine kuhusu adabu za chooni. Anaeleza kijiti cha mswaki kitafunwe vipi upande mmoja mpaka kilainike, meno yasuguliwe mbele na nyuma, ulimi ukwanguliwe, kisha mtu asukutue. Analalamika bila haya kwamba China alikutana na watawa ambao hawakuijua desturi hiyo na vinywa vyao vilinuka. Mtu aliyefundisha kwamba kila kiumbe kina asili ya Buddha ndiye huyo huyo anayetaka unawe nyuma ya masikio. Msomaji mwepesi ataona kichekesho. Mimi naona nadharia yake yote ikiwa pale kwenye beseni. Hunawi kwa sababu wewe ni uchafu, wala huachi kunawa kwa sababu wewe ni safi. Usafi ni kule kunawa.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Katika Bendōwa alifungua mlango wa mazoezi kwa wanaume na wanawake, kwa watawa na wasio watawa. Miaka yake ya mwisho, akiwa milimani Echizen kwenye monasteri yake ya Eiheiji, alielekea kusema kwamba njia kamili ni ya mtawa peke yake. Alifariki mwaka 1253, na wafuasi wake, madhehebu ya Sōtō, wakawa miongoni mwa madhehebu makubwa kabisa ya Japani.

Na hapa narudi kwenye lile swali nililowaomba mlishike. Katika miaka ya 1980, wanazuoni wawili wa Chuo Kikuu cha Komazawa, chuo cha Sōtō chenyewe, Hakamaya Noriaki na Matsumoto Shirō, walidai kwamba fundisho la asili safi si Ubuddha. Kwa hoja yao, ukishasema kwamba chini ya vitu vyote kuna msingi mmoja safi, umeikana misingi ya Buddha kuhusu kutokuwapo nafsi na kuhusu mambo kutegemeana. Na jambo hili, wakasema, lina madhara mitaani. Aliye juu na aliye chini wakitangazwa kuwa sawa katika kina, hakuna tena haja ya kuwasawazisha huku juu.

Hawakuwa wakibahatisha. Japani ina kundi la watu, burakumin, ambao mababu zao walitengwa kwa kazi za kuchinja, kutengeneza ngozi na kuzika. Mahekalu, ya Sōtō yakiwamo, yalikuwa yamewapa marehemu wao majina ya baada ya kifo yenye alama za kuwadhalilisha, nyingine zikimaanisha mnyama, na kuyachonga kwenye mawe ya makaburi. Mwaka 1979, kwenye mkutano wa dunia wa dini na amani huko Princeton, Marekani, kiongozi wa Sōtō Machida Muneo alikanusha kwamba Japani kuna ubaguzi wa namna hiyo, na akataka maneno yanayoutaja yaondolewe kwenye taarifa ya mkutano.

Je, Hakamaya na Matsumoto wamemshinda Dōgen? Kwa maoni yangu wameliua fundisho la mlima Hiei, lile lile ambalo kijana Dōgen hakuridhika nalo. Usafi uliohifadhiwa mahali kama akiba unastahili shutuma zao zote, maana mwenye akiba hulala. Dōgen wa upepeo na mswaki hana akiba. Kwake, hekalu linalosema watu wote ni Buddha huku likichonga neno mnyama kwenye kaburi la mtu halina asili safi iliyofichika chini ya kosa hilo. Lina kosa tu, mpaka siku litakapochukua patasi.

Madhehebu yenyewe yalianza kazi hiyo, kwa kusukumwa na wanaharakati wa burakumin: kuchunguza madaftari ya vifo, kubadili majina, kuunda idara ya haki za binadamu. Machida naye alisimama tena mbele ya mkutano ule ule wa dini na amani ulipofanyika kwa mara nyingine, mwaka 1984. Akaiondoa kauli yake ya Princeton, akaomba radhi, na kukiri kwamba ubaguzi upo. Mkutano huo ulifanyika Nairobi.