Lango la Ghala Letu: Lichague Vizuri, Litunze Vizuri

Siku nyingi tumezungumza juu ya mbegu, mbolea na kukausha mazao. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi hatukihesabu kuwa ni kilimo: lango la kuingilia malori kwenye ghala la chama cha msingi. Utasema, "Bwana shamba naye, geti limemhusu nini?" Linamhusu sana. Jasho lako la mwaka mzima hulala nyuma ya lango hilo.

Nitakueleza kisa kimoja. Nilipokuwa na miaka mitatu tu kazini, nilihudumia kijiji kimoja cha wakulima wa korosho. Viongozi wa chama waliniuliza wafanye nini ili ghala lao liwe salama. Nikawaambia wanunue kufuli kubwa zaidi na mnyororo mnene. Wakanunua. Msimu huo huo, usiku mmoja, magunia 11 yakaondoka. Asubuhi kufuli lilikutwa zima, limefungwa vile vile. Basi watu wakasema, kama kufuli ni zima, mwenye ufunguo ndiye mwizi. Mlinzi akafukuzwa, mzee wa watu, mwenye watoto. Ilipita wiki mbili ndipo fundi wa kuchomelea alipoangalia bawaba akatuonyesha alama za mtaimbo. Wezi hawakugusa kufuli. Waliunyanyua mlango mmoja ukatoka kwenye bawaba zake, wakausogeza, wakapita, wakaurudisha. Mzee aliitwa tena kazini, lakini hakukubali kurudi. Ushauri mbovu ulikuwa wangu. Ndiyo maana leo ninazungumza nawe habari hii.

Tuanze na bawaba, basi. Bawaba ya geti ina pini kwenye nguzo, na pete ya mlango huvikwa kwenye pini hiyo. Pini zote zikitazama juu, watu wanne wenye mtaimbo wataung'oa mlango kwa dakika chache. Dawa yake ni rahisi. Mwambie fundi pini ya chini itazame juu, na pini ya juu itazame chini. Hapo mlango haunyanyuki. Kama geti lako lilikwisha kuwekwa, achomelee kipande cha chuma juu ya pini, ili pete isipate njia ya kutoka. Kila mlango mzito uwe na bawaba tatu, siyo mbili. Na komeo likifungwa kwa nati, nati ziwe upande wa ndani.

Sasa upana. Lori la mizigo lina upana wa karibu mita 2 na nusu, bila kuhesabu vioo vyake. Kama lori linaingia moja kwa moja, lango la mita 4 linatosha. Lakini kama linakata kona kutoka kwenye barabara nyembamba, weka mita 6. Usikisie. Kabla hujachimba shimo hata moja, simika vijiti mahali nguzo zitakapokuwa, kisha mwombe dereva aingie na kutoka mara mbili. Vijiti vikiangushwa hakuna hasara, lakini nguzo ikigongwa ni hasara ya chama. Tena usiweke boriti juu ya lango, maana lori lililopakiwa magunia ni refu kuliko unavyodhani.

Jambo la tatu ni umbali kutoka barabarani. Lori likisubiri kufunguliwa lisiachwe na mkia wake barabarani, watoto wa shule na baiskeli wakipita. Malori mengi ya kijijini yana urefu wa kama mita 10, kwa hiyo lango liwe ndani mita 12 au zaidi. Kama mnaletewa lori lenye tela, ongezeni nafasi. Na milango ifunguke kwa ndani, isifunguke kuelekea barabarani. Kabla ya kujenga, ulizeni ofisi ya kijiji hifadhi ya barabara inaishia wapi, msije mkavunjiwa.

Ni geti la aina gani? Kwa vyama vyetu, geti la milango miwili ya bawaba linafaa zaidi, kwa kuwa fundi wa karibu anaweza kulitengeneza. Kila mlango uwe na bomba la mshazari, lianzie chini upande wa bawaba, lipande mpaka juu upande wa kufuli. Bila mshazari huo mlango utainama. Lipo pia geti la kuteleza kwenye reli. Hilo linafaa mahali penye nafasi ndogo, lakini linataka reli safi isiyo na mchanga. Zaidi ya hayo, lazima liwe na vizuizi imara mwisho wa reli, na vishikizo vya juu. Geti la kuteleza lisilo na kizuizi huvuka mwisho wa reli likamwangukia anayelisukuma, na uzito wake unaua. Kama huna fundi wa kuaminika, liache.

Nguzo ndizo miguu ya lango. Chimba shimo la mita 1 kwenda chini na nusu mita kwa upana. Changanya zege kwa ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Simamisha nguzo kwa timazi, iegemeze miti, na umwagilie zege maji kwa siku 7 kabla ya kutundika mlango. Wengi hawana subira, wanatundika kesho yake, na nguzo inalala upande. Juu ya ardhi zege liwe na mteremko, maji yasituame, maana bomba huanza kuoza pale pale linapotokeza. Kwa wenzetu wa pwani, hewa ya chumvi huharakisha kutu.

Utunzaji wake si kazi kubwa. Kila mwezi futa vumbi kwenye bawaba na upake grisi. Angalia nafasi chini ya mlango upande wa kufuli. Ikiwa inapungua, mlango unainama au nguzo inalegea, na fundi aitwe sasa. Kabla ya msimu, sugua kutu kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Kama nguzo ni za mti, chimbua kidogo pembeni utazame mchwa. Zibua shimo la komeo la chini, lisijae mchanga. Hakikisha kila mlango una ndoano ya kuushika ukiwa wazi, upepo usije ukaupigiza kwenye lori au kwenye mtu. Na watoto wasibembee kwenye geti. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwisho, chuma peke yake hakitoshi. Wekeni kufuli mbili, na lazima zifunguliwe zote mbili ndipo lango lifunguke. Ufunguo mmoja akae nao mtunza ghala, wa pili kiongozi aliyechaguliwa na wanachama. Langoni liwepo daftari: namba ya lori, jina la dereva, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na idadi ya magunia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo humlinda mkulima, tena humlinda na mlinzi asisingiziwe.

Basi, ndugu mkulima, kazi yako wiki hii ni moja. Nenda kwenye ghala lenu mchana, ukiwa na mwenyekiti. Shikeni mlango mjaribu kuunyanyua. Ukinyanyuka, msingoje mkutano mkuu. Mwiteni fundi siku hiyo hiyo.