Zaka ya Muguka: Msamaha kati ya Mbeere na Pwani



Nimeombwa kuzungumza juu ya msamaha. Nitaingia kwa mlango ambao tumezoea kuupita tukitazama kando, nao ni muguka, lile jani la kutafunwa linalochangamsha mwili.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mmoja wa wanaohesabu sadaka katika kanisa letu huku Mbeere, kaunti ya Embu. Ibada ikiisha tunaketi chumba cha nyuma na kumwaga vikapu juu ya meza. Noti za mkulima wa muguka nazitambua kabla sijasoma jina kwenye bahasha. Zimekunjwa mara nne, zina unyevu, na zina ile harufu ya jani bichi isiyotoka vidoleni hata ukinawa kwa sabuni. Noti hizo ndizo zilizoezeka paa la kanisa letu na kuwalipia karo watoto wanaoimba kwaya. Huku chini, Kiritiri, Siakago hadi Ishiara, mvua si ya kutegemewa. Pamba ilikuja ikaondoka, mahindi hunyauka yakiwa yamefika kiunoni. Muguka huvumilia kiangazi, na ukichuma leo majani machanga hayakawii kurudi. Kwa hiyo sikuja kumwita mkulima mwenye dhambi. Mimi mwenyewe nina nusu ekari.

Jani hilo lina haraka. Likikaa siku mbili tatu halina bei tena. Ndiyo maana magari hupakia jioni na kukimbia usiku kucha, ili kupambazuke muguka uko Mombasa, Kilifi na Malindi. Sisi tunaliona likiondoka. Linakofika hatukuoni.

Mei 2024 tulilazimika kuona. Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku uuzaji wa muguka katika kaunti yake. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Huku Embu joto lilipanda. Gavana wetu, Cecily Mbarire, aliongoza viongozi hadi Ikulu, Rais akatangaza kwamba marufuku hayo hayana nguvu kwa kuwa zao hili linatambuliwa na sheria ya nchi, na Mahakama Kuu ya Embu ikayasitisha. Katika wiki hizo tuliomba sana. Jumapili moja mimi ndimi niliyeongoza maombi kanisani kwetu, nikamsihi Mungu afungue soko. Jumapili hiyo hiyo kulikuwa na akina mama Pwani waliomsihi alifunge. Walikuwa wakiomba Baba Yetu ile ile tunayoiomba sisi.

Mmoja wao nilikutana naye baadaye, kwenye mkutano wa akina mama alioujia kama mgeni kutoka Kisauni, Mombasa. Baada ya chai alinifuata nje. Alisimulia juu ya mwanawe, anayekaa maskani tangu adhuhuri na mfuko wa majani, njugu na chingamu, asiyelala usiku, asiyekula, aliyeanza kuuza vitu vya nyumbani, mtungi wa gesi ukiwa wa kwanza. Hakupaza sauti. Nami nilimjibu kwa haraka: "Mama, sisi hatumtafunishi mtu. Yeye ndiye anayenunua." Aliniangalia, akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani kwa wenzake. Jibu langu lilikuwa la kweli, na limenikosesha amani tangu siku hiyo.

Sisi watu wa Embu na Meru tumekuwa hodari wa kuhesabu tuliyokosewa. Uingereza ilipopiga marufuku miraa, ndugu wa muguka, mwaka 2014, wakulima wa Igembe kule Meru walilia. Somalia ilipofunga soko mwaka 2020 walilia tena, hadi 2022 ndege zilipoanza kubeba mzigo upya. Uchungu wao ulikuwa wa haki, maana familia zililala njaa. Lakini katika mahubiri yote niliyoyasikia juu ya majeraha hayo, nilisikia tukifundishwa kuwasamehe waliotufungia soko, na sikusikia hata mara moja tukiulizwa kama kuna mtu tunayepaswa kumwomba msamaha.

Paulo alikutana na jambo linalofanana na hili kule Korintho. Nyama iliyotolewa kwa sanamu haikuwa na ubaya ndani yake, na aliyeila alikuwa na haki ya kuila. Hata hivyo Paulo alikuwa tayari kuacha nyama maisha yake yote kama ingemwangusha ndugu yake. Yesu naye, katika Mathayo 5, hamwulizi mwenye sadaka kama ana kinyongo na mtu. Anamwuliza kama kuna mtu mwenye neno juu yake, kisha anamtuma aiache sadaka pale pale madhabahuni, aende kwanza apatane. Mimi na wenzangu tumeipokea sadaka, tumeihesabu, tumeipeleka benki, na yule mama wa Kisauni bado ana neno juu yetu.

Kumbukeni pia Injili ilikotoka hadi kutufikia. Krapf, mmishonari wa shirika la CMS, alitua Mombasa mwaka 1844, Wamethodisti wakaanza Ribe mwaka 1862, na ni baada ya miaka mingi ndipo misheni hizo zilipopanda hadi Kigari kwa upande wa Embu na Kaaga kwa upande wa Meru. Neno lilikaa Pwani kabla ya kutufikia sisi. Nikiyaona magari yakiteremka usiku nawaza tunachowarudishia.

Wapo wanaosema kanisa likatae zaka ya muguka. Sikubaliani nao. Kukataa kutaisafisha mikono ya kanisa na kumwacha mkulima peke yake na mzigo. Afadhali tuipokee tukijua ni ya nini, na fungu lake lililotengwa wazi, linalosomwa na kila mshiriki kwenye hesabu za mwaka, literemke Pwani kuwasaidia vijana wanaotaka kuacha. Fungu lingine libaki huku, limsaidie mkulima anayetaka kujaribu ndengu au maembe bila kulala njaa msimu wa kwanza. Na mwenye kuuza, aanzie na hili lisilo na mjadala: mtoto asiuziwe, na mnunuzi wa jumla anayejulikana kuuzia watoto asipewe mzigo wetu hata kama bei yake ni nzuri. Zakayo alipotubu alitaja kiasi. Nasi tutaje.

Mwezi uliopita nilitafuta namba ya yule mama, nikampigia. Nilimwambia nililomjibu siku ile lilikuwa la kujikinga, na kwamba namwomba radhi. Aliuliza kama shamba bado lipo. Nikasema lipo. Alinyamaza kitambo, nikasikia watoto wakicheza nyuma yake. Kisha akasema, "Basi njoo, baba. Ila usije kunihubiria mimi. Njoo uketi na mwanangu."

Nasafiri Jumatatu.