Ritifaa ya Chang'ombe Katika Anwani za Mtandao



Jina la kata ya Chang'ombe, hapa Dodoma, haliwezi kuandikwa kwa usahihi katika anwani ya kawaida ya tovuti. Mwenye kuhitaji jina la kikoa lenye kuishia na .tz hulazimika kuandika “changombe”, kwa kuwa kanuni za tangu awali zakubali herufi a hadi z, tarakimu na kistari tu. Ritifaa, kile kialama kifuatacho ng, mitambo huihesabu kuwa alama ya uakifishaji. Katika Kiswahili ni sehemu ya herufi. Mwalimu wa darasa la kwanza ajua kwamba ng'ara ni kutoa nuru, na Ngara ni wilaya huko Kagera. Kwa Wagogo hasara yazidi: Ng'hong'hona, kandokando ya Chuo Kikuu cha Dodoma, yapoteza ritifaa mbili.

Kanuni za kimataifa za mwaka 2003, zilizoandikwa upya mwaka 2010, zilifungua mlango kwa hati za Kiarabu, Kichina na Kiamhari, na kwa herufi za Kilatini zenye alama. Ritifaa ya kawaida, ile iliyomo katika kila kibodi, ilibaki nje. Walakini anaye pacha, aliyewekwa na wataalamu katika fungu la herufi, naye huyo aruhusiwa. Kwa macho ya binadamu ni vigumu kuwatofautisha.

Hapo ndipo penye hatari. Mwaka 2017 mtafiti mmoja, kwa nia ya kuonya, alisajili kikoa kwa herufi za Kisiriliki, zitumiwazo na Warusi. Baadhi ya vivinjari vikalionyesha jina hilo kama la kampuni ya Apple. Tapeli naye aweza kumtumia pacha wa ritifaa kuwanasa wananchi wanaolipa ada. Tena mwananchi mwaminifu hana kitufe cha kumwandika pacha huyo!

Kwa hiyo haifai kumruhusu ovyo. Iwapo ataruhusiwa chini ya .tz, hapana budi mwenye “changombe” awe ndiye pekee awezaye kupewa jina lenye ritifaa, na anwani zote mbili zifike mahali pamoja.

Lililo mikononi mwa ofisi na shule halingoji kanuni yoyote. Upungufu wa anwani usihamie katika kibao cha shule, barua wala cheti cha mtoto. Anwani na isome “changombe”. Kichwa cha barua kiandikwe Chang'ombe.