Dawa ya fizi, kutoka Tengeru hadi Kijenge

Mkazi wa Kijenge, Arusha, mwenye meno ya kahawia hulaumu maji, na ana haki. Vyanzo vingi chini ya Mlima Meru vina floraidi inayopita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Lakini rangi hiyo peke yake haing'oi jino. Fizi zinazougua ndizo huling'oa, tena taratibu, mara nyingi bila maumivu.

Bakteria hujichimbia kwenye mfuko kati ya jino na fizi, ambako mswaki haufiki. Dawa ya kidonge nayo huzunguka mwili mzima, na kiasi kidogo tu hufika hapo. Ndiyo maana watafiti wanapakia dawa kwenye chembe ndogo mno, za nano, nyingine zikitengenezwa kwa kitosani ya maganda ya kamba, ili zinate mfukoni na kuachia dawa polepole. Nyingi bado ziko kwenye majaribio.

Nano si mgeni Arusha. Mwaka 2015 Dakta Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, alishinda Tuzo ya Afrika ya Uhandisi kwa chujio la maji la nano, linaloondoa hata floraidi. Kwa nini basi dawa ya fizi isifuate?

Mimi nina wasiwasi na jambo moja. Chembe hizo za dawa husaidia baada ya ugaga, ule uchafu mgumu wa meno, kukwanguliwa, si badala ya kuukwangua. Ningepewa bajeti, ningeanza na kiti cha daktari wa meno katika kila kituo cha afya.