Kamera Mkononi, Mtu Mbele Yako

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa vijana waliohitimu mafunzo ya upigaji picha za video



Nimepewa dakika chache, nami nitazitumia kumzungumzia mtangulizi wetu katika kazi hii.

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka wa 1943, akakulia Dar es Salaam. Huko ndiko alikoanzisha kampuni yake, Camerapix, mwaka wa 1963. Wazee mlio hapa mnakumbuka Julai 1969, Tom Mboya alipopigwa risasi jijini Nairobi. Amin alifika upesi na kamera yake, na dunia ikaona msiba wetu.

Jina lake lilivuma zaidi Oktoba 1984. Akiwa na mwanahabari wa BBC, Michael Buerk, alifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, ambako maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika wakifa njaa. Mashirika ya misaada yalikuwa yamepiga kelele bila kusikizwa vya kutosha. Picha za Amin zilipoonyeshwa tarehe 23 mwezi huo, michango ilimiminika. Julai 1985 tamasha la Live Aid lilifanyika London na Philadelphia kuchangisha pesa zaidi.

Kazi hii ilimgharimu. Mwaka wa 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Fundi wake wa sauti, John Mathai, alifariki. Amin alipoteza mkono wa kushoto, akawekewa wa bandia, akarudi kazini. Alifariki Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Comoro.

Vijana wetu, picha za Korem ziliokoa maisha. Lakini pia ziliiachia Ethiopia sifa ya njaa ambayo Waethiopia wamehangaika nayo miaka mingi. Picha ile ile huokoa, na picha ile ile hubandika mtu jina.

Mimi nilijifunza hilo kwa aibu. Wakati wa mafuriko nilimpiga picha mama mmoja akipokea unga wa msaada, nikaisambaza mtandaoni. Sikumwomba ruhusa. Wiki iliyofuata alikuja ofisini. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba mwanawe amekataa kwenda shule kwa sababu wenzake wanamcheka. Niliiondoa picha, lakini ilikuwa imeshafika kwenye simu za watu.

Kwa hivyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, mwombe mtu ruhusa, na akikataa, weka kamera chini. Pili, taja kijiji, tarehe na kinachohitajika. Video ya daraja lililosombwa isiyosema ni la wapi haimsaidii mtu. Tatu, rudi uonyeshe daraja likijengwa, na yule mama akivuna shamba lake, ili watu wetu wasikumbukwe kwa siku yao mbaya pekee.

Mvua zitarudi, na mara nyingi ninyi ndio mtakaofika kabla yetu sisi wa ofisini. Pigeni picha bila woga, lakini mkumbuke kwamba aliye mbele ya kamera ni jirani yenu, na kesho mtakutana sokoni.

Hongereni sana, na Mungu awabariki.