Bisfenoli A Katika Vyombo na Risiti

Mazungumzo kwa Makatibu wa Vyama vya Msingi



Mizani ya chama hukaguliwa ili mkulima asipunjwe. Bidhaa za duka la chama nazo hazina budi kukaguliwa, ili mnunuzi asidhurike.

Bisfenoli A ni kemikali inayotengenezewa polikaboneti, yaani plastiki ngumu, angavu kama kioo. Baadhi ya madumu makubwa ya maji ya ofisini hufanywa kwa plastiki hiyo. Kemikali hiyo hutumika pia katika utando wa ndani wa makopo ya chakula, na katika baadhi ya karatasi za risiti zinazochapwa kwa joto. Madumu ya kawaida ya mafuta ya kula ni ya plastiki nyingine. Kwa hiyo si haki kuilaumu kila plastiki.

Mwaka 1936 wataalamu wa Uingereza walionyesha kwamba kemikali hii huiga kazi ya homoni ya kike. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika chupa za watoto mwaka 2011. Mwaka 2023 mamlaka yake ya usalama wa chakula ilipunguza kipimo kinachovumilika kwa siku mara 20,000, kwa kuhofia madhara katika kinga ya mwili. Taasisi ya Ujerumani inayopima hatari za namna hiyo haikuafiki, ikapendekeza kipimo kilicho kikubwa mara 1,000 kuliko hicho. Hata hivyo, Desemba 2024 Umoja huo uliamua kuiondoa katika vyombo vya chakula kwa hatua.

Wataalamu wakiwa bado wanabishana, tahadhari haina gharama kubwa. Joto na uchakavu huzidisha kemikali inayotoka katika chombo. Basi uji wa mtoto na chai ya moto visitiwe katika polikaboneti. Bilauri ya kioo au kikombe cha bati vyatosha. Chombo kilichokwaruzika kisitumike kwa chakula.

Katibu anayeshika risiti kutwa nzima anawe mikono kabla ya kula, wala asizishike mikono ikiwa na mafuta. Karatasi hizo zisifungiwe karanga wala maandazi. Maandishi yake hufifia. Nakala itolewe mapema kwa ajili ya jalada.

Mwenye kuuza karatasi aulizwe imetengenezwa kwa nini. Akijibu kwamba haina bisfenoli A, aulizwe pia kuhusu bisfenoli S, nduguye anayewekwa mara nyingi mahali pake. Kamati ya chama ina haki ya kupewa jibu kabla ya kulipa.